Mpira uliopotea (gofu)

Mpira uliopotea ni hali katika mchezo wa gofu ambapo mpira wa mchezaji haujapatikana ndani ya dakika 3 tangu yeye au kedi wake (msaidizi anayembebea mfuko wa fimbo) alipoanza kuutafuta. Mchezaji huyo huongezewa mkwaju mmoja wa adhabu na hulazimika kupiga mpira mwingine kutoka pale alipopigia mara ya mwisho. Utaratibu huu huitwa "mkwaju na umbali", kwa sababu mchezaji hupoteza vyote viwili: hesabu yake huongezeka kwa mkwaju mmoja, na umbali ambao mpira wake ulikuwa umesafiri haumfaidii tena.

Utaratibu huo umo katika Kanuni ya 18 ya Kanuni za Gofu, ambazo hutolewa kwa pamoja na The R&A, yenye makao yake St Andrews nchini Uskoti, na USGA, ambacho ni chama cha gofu cha Marekani. Ni kanuni rahisi kueleza lakini ngumu kufuata siku ya mapumziko uwanja unapojaa. Mchezaji anayerudi nyuma mita 200 hukutana na kundi lingine ambalo tayari limesimama mahali pa kuanzia likisubiri zamu yake. Ndiyo maana wachezaji wengi wa kujifurahisha huiruka kanuni hii, wengine bila kujua kwamba kuna njia halali za kuokoa muda.

Mpira huhesabiwa umepotea lini

Saa huanza kuhesabiwa pale mchezaji au kedi wake anapoanza kutafuta, si pale mpira unapoanguka. Wachezaji wenzake wakitangulia kutafuta kabla yake, dakika zao hazihesabiwi. Dakika 3 zikiisha kabla mpira haujaonekana, mpira umepotea, hata kama utaonekana sekunde chache baadaye. Ukionekana ndani ya muda huo lakini haijulikani ni wa nani, mchezaji hupewa muda wa kutosha wa kuutambua.

Utafutaji ukisimamishwa kwa sababu ya msingi, kwa mfano mchezaji anapokaa kando ili mwingine apige, muda wa kusubiri hauhesabiwi. Jumla ya muda wa kutafuta lakini haizidi dakika 3.

Mchezaji hawezi kuufanya mpira wake upotee kwa kutamka tu kwamba umepotea. Mpira hupotea kwa muda kuisha, au kwa mchezaji kuweka mpira mwingine mchezoni kufuatana na kanuni.

Wakati wa kutafuta mchezaji anaruhusiwa kusogeza mchanga na kuzisogeza au kuzikunja nyasi na matawi, mradi afanye hivyo kwa kiasi. Akiusogeza mpira wake kwa bahati mbaya wakati wa kuutafuta, hakuna adhabu. Anaurudisha mahali pake.

Mpira uliotoka nje ya mipaka, ambayo kwa kawaida huonyeshwa kwa vigingi vyeupe, hutendewa sawa na uliopotea, hata kama unaonekana wazi.

Hesabu ya mkwaju na umbali

Tuchukue shimo la pari 4, yaani shimo ambalo mchezaji hodari hutarajiwa kulimaliza kwa mikwaju 4. Mchezaji anapiga kutoka sehemu ya kuanzia, inayoitwa tii, na mpira unapotea vichakani. Mkwaju ule ni wa kwanza. Adhabu inahesabiwa kuwa ya pili. Anaporudi kwenye tii na kupiga tena, anapiga mkwaju wa tatu. Mpira huo ukitua vizuri kwenye feawei, yaani njia ya nyasi fupi kati ya tii na grini, mkwaju unaofuata utakuwa wa nne.

Hesabu hii ni muhimu, kwa sababu njia nyingine zote zilizoelezwa hapa chini hupimwa kwayo: je, zinamfikisha mchezaji mahali palepale kwa idadi ileile ya mikwaju?

Historia

Wazo la kurudi nyuma ni la zamani kama kanuni zenyewe. Kanuni 13 zilizoandikwa Leith, karibu na Edinburgh, mwaka 1744 tayari zilimtaka mtu aliyepoteza mpira arudi pale alipopiga mara ya mwisho, adondoshe mwingine, na kumpa mpinzani wake mkwaju mmoja. Hizo ndizo kanuni za gofu za kale zaidi zinazojulikana.

Adhabu yenyewe imewahi kubadilishwa. Mwaka 1960 USGA ilijaribu kuondoa mkwaju wa adhabu na kubakiza umbali peke yake, lakini ikaurudisha mwaka uliofuata.

Mabadiliko makubwa ya karibuni yalianza kutumika Januari 2019. Muda wa kutafuta ulipunguzwa kutoka dakika 5 hadi 3 ili kuharakisha mchezo. Wakati huohuo viwanja viliruhusiwa kutangaza kanuni ya hiari inayojulikana kama E-5, inayomwezesha mchezaji kuendelea mbele bila kurudi.

Tatizo la uwanja wenye watu wengi

Katika mashindano makubwa ya kulipwa mipira haipotei kwa urahisi. Kuna watazamaji pande zote na wasimamizi wanaofuatilia kila mpira unapoangukia. Mchezaji wa Jumamosi hana mtu wa kumsaidia isipokuwa wenzake watatu, na pengine kedi.

Upande wa muda ni huu. Mtu anayetembea mita 80 kwa dakika huhitaji dakika 2 na nusu kurudi mita 200, dakika moja hivi ya kujiandaa na kupiga, na dakika 2 na nusu nyingine kufika tena alipokuwa. Ukijumlisha dakika 3 za kutafuta, jumla ni kama dakika 9. Viwanja vingi hupanga makundi kuanza kwa kupishana dakika 8 hadi 10. Kwa hiyo mpira mmoja uliopotea unaweza kumeza nafasi ya kundi zima, na ucheleweshaji huo huwafikia wote walio nyuma hadi jioni.

Hata hivyo, kanuni zenyewe zinatambua haja ya kwenda haraka. Kanuni ya 5.6 inapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu anapoweza kupiga bila kizuizi, na inahimiza kundi la polepole kuliruhusu kundi la kasi zaidi kupita. Kundi linalotafuta mpira huku walio nyuma wakisubiri linafaa kuwapungia mkono mapema wapite, bila kungoja dakika zote 3 ziishe.

Mpira wa akiba

Njia kuu ya kuepuka safari ya kurudi ni mpira wa akiba. Mchezaji anayehisi kwamba mpira wake huenda umepotea nje ya eneo la adhabu, au umetoka nje ya mipaka, anaweza kupiga mwingine palepale kabla ya kwenda kuutafuta wa kwanza.

Masharti yake ni haya:

- Lazima atangaze kabla ya kupiga kwamba anapiga mpira wa akiba, au aonyeshe wazi kwamba ndivyo anavyokusudia. Kusema tu "ngoja nipige mwingine" hakutoshi. Asipotangaza, mpira wa pili unakuwa ndio mpira wake wa mchezo, na wa kwanza hauna kazi tena hata ukipatikana katikati ya feawei.
- Anaweza kuendelea kuupiga mpira wa akiba hadi afike usawa wa mahali anapokadiria wa kwanza ulipo. Akiupiga kutoka umbali huohuo au karibu zaidi na shimo, wa kwanza umepotea na wa akiba unachukua nafasi yake pamoja na adhabu.
- Mpira wa kwanza ukipatikana uwanjani ndani ya dakika 3, kabla wa akiba haujachukua nafasi yake, lazima auache ule wa akiba. Hana ruhusa ya kuchagua ule uliokaa vizuri zaidi.
- Haruhusiwi kupiga mpira wa akiba ikiwa ni hakika kwamba wa kwanza umeingia eneo la adhabu, kama vile bwawa au mto.

Mpira wa akiba huchukua chini ya dakika moja. Wachezaji wengi hawaupigi kwa sababu ya matumaini ("nitauona tu") au aibu ya kuwachelewesha wenzao. Matokeo yake ni kinyume: aliyeokoa dakika moja kwenye tii ndiye anayejikuta dakika 5 baadaye akichagua kati ya kurudi nyuma na kuvunja kanuni. Kukiwa na shaka, ni afadhali kuupiga.

Kanuni ya uwanja E-5

E-5 ni kanuni ya hiari ambayo kamati ya klabu au uwanja inaweza kuitangaza. Haikukusudiwa kwa mashindano ya kulipwa wala ya ridhaa ya ngazi ya juu, bali kwa michezo ya kawaida. Pale inapotumika, mchezaji aliyepoteza mpira anaweza kudondosha mwingine mbele kwa adhabu ya mikwaju 2 badala ya kurudi.

Kwanza anakadiria mahali mpira ulipopotelea, au pale ulipovuka mpaka. Halafu anatafuta sehemu ya feawei ya shimo hilo iliyo karibu zaidi na mahali hapo, lakini isiyo karibu zaidi na shimo. Anadondosha mpira kati ya sehemu hizo mbili, au hadi urefu wa fimbo mbili kuingia ndani ya feawei, bila kulisogelea shimo zaidi. Mpira udondoshwe kutoka usawa wa goti.

Turudie mfano wa pari 4. Mkwaju wa tii ni mmoja, adhabu ni miwili, jumla 3. Mchezaji anapiga mkwaju wa nne akiwa kando ya feawei. Hapo ndipo angekuwa kama angepiga mpira wa akiba na ukatua vizuri. Kwa hiyo E-5 haimpi mchezaji zawadi kubwa. Inamwondolea safari na hatari ya kupoteza mpira wa pili.

E-5 haitumiki katika hali mbili: kama mchezaji alikwisha kupiga mpira wa akiba, na kama ni hakika kwamba mpira umeingia eneo la adhabu. Tena, akishadondosha mpira kwa E-5, hawezi kuurudia wa kwanza hata ukionekana kabla ya dakika 3 kwisha.

Mpira usioonekana ambao haukupotea

Si kila mpira usiopatikana huhesabiwa umepotea. Hali zifuatazo zina kanuni zake, mradi jambo lijulikane au liwe karibu hakika. Kanuni hufafanua "karibu hakika" kuwa uwezekano wa asilimia 95 au zaidi. Kusema "labda umeingia majini" hakutoshi.

- Eneo la adhabu. Mpira uliozama bwawani au mtoni una adhabu ya mkwaju mmoja tu, na mchezaji huweza kudondosha mwingine karibu na eneo hilo, kufuatana na rangi ya vigingi vyake, nyekundu au njano.
- Mnyama au ndege. Tumbili au kunguru akionekana akiuchukua mpira, hakuna adhabu. Mchezaji anaweka mwingine mahali panapokadiriwa kuwa ndipo wa kwanza ulipokuwa.
- Mtu mwingine. Kwenye viwanja ambavyo feawei zimepakana, mchezaji wa kundi jingine anaweza kuupiga au kuuokota mpira usio wake. Hilo likijulikana, mwenye mpira hana adhabu na anaweka mwingine mahali pale.
- Maji ya mvua yaliyotuama au sehemu inayotengenezwa. Ikiwa ni hakika kwamba mpira umo humo, mchezaji hupata nafuu bila adhabu.

Kwa sababu hiyo inashauriwa kila mchezaji auwekee mpira wake alama ya kalamu kabla ya kuanza. Mipira miwili ya chapa moja na namba moja haitofautishwi kwa macho, na mpira usioweza kutambuliwa ni sawa na uliopotea.

Makubaliano katika michezo ya kirafiki

Katika michezo isiyo ya mashindano marafiki hujiwekea taratibu zao. Unaoonekana sana ni kudondosha mpira karibu na mahali ulipopotelea na kuongeza mkwaju mmoja. Utaratibu huu ni wa haraka, lakini haumo katika kanuni na hauwatendei haki wote. Aliyepoteza mpira kwenye pari 4 anapiga mkwaju wa tatu kutoka pale. Mwenzake aliyefuata kanuni na kupiga mpira wa akiba anapiga wa nne kutoka umbali uleule. Aliyefuata kanuni ndiye anayepoteza mkwaju mmoja. Kama kuna dau la soda au chakula cha mchana, ugomvi huanzia hapo.

Kwa hiyo kundi la marafiki linafaa kukubaliana kabla ya shimo la kwanza, si baada ya mpira kupotea. Njia zinazotumika ni hizi:

- Kufuata Kanuni ya 18 na kupiga mpira wa akiba kila penye shaka.
- Kufuata utaratibu wa E-5 kwa mikwaju 2, hata kama ni kwa makubaliano ya kundi tu.
- Kucheza kwa mtindo wa Stableford, uliobuniwa na daktari Mwingereza Frank Stableford, ambamo mchezaji hupata pointi kwa kila shimo. Asiyeweza tena kupata pointi huokota mpira wake, hupata sifuri kwenye shimo hilo na kuendelea na linalofuata.
- Katika mchezo wa ana kwa ana, kumwachia mpinzani shimo na kusonga mbele.

Katika mashindano mambo ni tofauti. Anayedondosha mpira mbele bila ruhusa ya kanuni amecheza kutoka mahali pasipo sahihi, na kosa hilo huhesabiwa kuwa kubwa. Katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, asipolirekebisha kabla ya kuanza shimo linalofuata, huondolewa mashindanoni. Wachezaji wanaokubaliana kupuuza kanuni wanayoijua huondolewa pia.

Gofu huchezwa mara nyingi bila mwamuzi, na kila mchezaji hutarajiwa kujihesabia adhabu yake. Mtu aliye peke yake kichakani anaweza kudondosha mpira mwingine mfukoni mwake na kupaza sauti kwamba ameuona. Hiyo si kuvunja utaratibu wa muda bali ni udanganyifu, na kanuni zinairuhusu kamati kumwondoa mashindanoni mtu wa namna hiyo.

Handikapu

Handikapu ni namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji na kuwawezesha watu wa viwango tofauti kushindana. Tangu mwaka 2020 nchi nyingi hutumia mfumo mmoja wa dunia. Matokeo yanayowasilishwa katika mfumo huo yanapaswa kutokana na mchezo uliofuata kanuni. Anayejipunguzia mkwaju kila anapopoteza mpira hujipatia handikapu ndogo kuliko uwezo wake, kisha hushindwa anapoingia mashindano ya kweli.

Mfumo huo pia unamsaidia anayeokota mpira ili asiwacheleweshe wengine. Matokeo ya kila shimo yana kikomo kwa ajili ya hesabu ya handikapu: pari, ukiongeza 2, ukiongeza mikwaju ya handikapu anayopewa mchezaji kwenye shimo hilo. Kwenye pari 4 ambako mchezaji anapewa mkwaju mmoja, kikomo ni 7. Aliyepoteza mipira miwili mfululizo hana sababu ya kurudi mara ya tatu kwa ajili ya handikapu yake.

Afrika ya Mashariki

Viwanja vingi vya Kenya, Uganda na Tanzania vina makedi, na kedi hodari hupunguza sana mipira inayopotea kwa kutangulia mbele na kuangalia unapoangukia. Mchezaji akumbuke kwamba kedi wake akianza kutafuta, saa ya dakika 3 imeanza, hata kama yeye mwenyewe bado yuko mbali.

Mipira hupotea zaidi wakati wa mvua, nyasi zinaporefuka. Katika nyanda za juu kuna nyasi ya kikuyu, ambayo asili yake ni Afrika ya Mashariki na sasa imeenea hadi viwanja vya California na Australia. Nyasi hiyo ni nzito na hutambaa, na mpira huweza kuzama ndani yake usionekane na mtu aliyesimama hatua mbili kutoka hapo.

Namna ya kutafuta kwa haraka

- Usigeuke kwa hasira baada ya mkwaju mbaya. Fuata mpira kwa macho hadi utue, kisha shika alama kama mti au kigingi.
- Wachezaji wote wa kundi waangalie kila mkwaju, si wao wenyewe tu.
- Mmoja aangalie saa tangu kutafuta kunapoanza.
- Mchezaji ambaye mpira wake unaonekana na ambaye zamu yake imefika apige kwanza, kisha aje kusaidia.
- Watafutaji wagawane eneo badala ya kufuatana.
- Dakika 3 zikiisha, wote waache na mchezo uendelee.